Kila Reli Mpya Huacha Mtu Barabarani

Wasee, tukiongea kuhusu barabara mpya ama reli mpya huwa tunauliza maswali mawili tu: itachukua masaa mangapi, na nauli ni ngapi? Mimi nina swali la tatu. Yule mtu aliyekuwa anakulisha njiani ataenda wapi?

Najua tayari unafikiria Mtito Andei. Tutafika. Lakini kwanza twende Uingereza, kwa sababu wao walipitia hii kitu mapema, na ushahidi bado umesimama.

Kama kilomita 120 kaskazini mwa London kuna kijiji kinaitwa Stilton. Pale kuna nyumba ya wageni ya mawe, Bell Inn, ya karne ya 17, kando ya barabara ya zamani ya London kwenda Edinburgh. Hebu angalia vile nyumba kama hizo zilijengwa. Mbele kuna lango kubwa la upinde, la kutosha gari la farasi kupita. Ndani kuna ua. Nyuma ni mazizi. Chini ni meza na moto wa kuota, juu ni vyumba vya kulala. Kila kitu kimepangwa kwa hesabu moja: farasi anachoka. Magari hayo yalikuwa yanabadilisha farasi kila baada ya kilomita 15 hadi 25 hivi, kwa hivyo kila hapo palihitaji mazizi, wapishi, watandika vitanda na watu wa kulisha wanyama. Uchovu wa farasi ndio uliwapa watu kazi.

Na pesa ilikuwepo. Katika karne ya 18 mwenye Bell Inn, Cooper Thornhill, aliuzia wasafiri jibini lenye jina la kijiji. Jamaa pia alikuwa mbio kweli: mwaka 1745 alipanda farasi kutoka Stilton hadi London, akarudi, akaenda London tena, zaidi ya kilomita 340 kwa masaa 12 na dakika kidogo, akibadilisha farasi njiani. Ilikuwa ni dau, na alishinda.

Halafu treni ikaja. Mwaka 1850 reli ya kutoka London hadi Peterborough ilifunguliwa, ikapita karibu na Stilton bila kuingia. Treni haihitaji zizi. Miaka mia moja hivi baadaye, barabara kuu yenyewe ikahamishwa nje ya kijiji. Bell Inn ilichakaa vibaya kabla ya kuja kukarabatiwa. Leo ni hoteli, na watalii wanapiga picha. Na sheria ya kulinda jina la jibini la Stilton inaruhusu litengenezwe katika kaunti tatu tu. Kijiji cha Stilton hakiko katika hata moja. Jina likabaki, biashara ikaenda!

Sasa turudi nyumbani. Reli ya kwanza ya Mombasa, ile iliyoanza kujengwa 1896, ilikuwa polepole, na abiria walikuwa wanashuka kula katika bangalo za reli kama ile ya Voi. Baadaye lami na malori vikalisha Mtito Andei, Makindu, Emali. Nyama choma, chai, lojing'i, mtu wa pancha, mama wa matunda. Hiyo ndiyo Bell Inn yetu, tena bila lango la mawe.

SGR ilipoanza 2017, sisi wa Nairobi tulishangilia, na mimi nikiwa mmoja wao. Masaa tano hivi hadi Mombasa, nani atakataa? Lakini kontena likipanda treni, dereva na turnboi hawasimami tena Mtito kula. Ndio maana 2019, agizo la kupeleka mizigo yote kwa reli lilileta maandamano Mombasa. Agizo liliondolewa 2022, lakini hatukujibu lile swali. Tuliahirisha tu.

Na linarudi, kwa sababu barabara ya Rironi hadi Mau Summit nayo inapanuliwa. Salgaa inaishi kwa malori.

Sisemi tusijenge. Anayesema hivyo hajawahi kukwama kwa jam ya Mai Mahiu usiku. Ninachosema ni kwamba wanaochora barabara wachore pia mahali pa kusimama: maegesho ya malori, choo, maji, vibanda. Na vibanda hivyo wapewe kwanza wale wanaouza pale leo, si mtu wa Nairobi mwenye tenda. Waandikwe majina kabla tingatinga haijafika, kwa sababu baadaye kila mtu atajifanya alikuwa na kibanda.

Uingereza walibaki na jengo la kuonyesha watalii. Vibanda vyetu ni vya mabati. Vikienda, hakuna hata kitu cha kupiga picha.

Wewe ukisafiri huwa unasimama wapi kula? Taja hapo chini, na useme kama hiyo stop bado iko.