Mstari wa ramani uonekane na sisi pia

Wandugu wachimbaji, na ninyi wamama na watoto mnaokula juu ya jasho la shimo, leo tunazungumza kompyuta. Msicheke. Siye tunaokaa Epulu na kuchimba kandokando ya pori tunafanya kazi na beche na karai, lakini kinachoamua kama sisi ni wafanyakazi ao wahalifu ni mstari mumoja ndani ya mashini kule Kinshasa.

Permi za madini zinaandikwa na Kadasteri ya Madini, CAMI. Udongo wa inchi umegawanywa kwa carrés, na carré moja ni karibu hekta 85. Anayetangulia kuomba ndiye anatangulia kusikilizwa. Yote inawekwa ndani ya seva, na ramani inatoka ku intaneti. Katika mtandao kama huo kuna wenye ruhusa ya kusoma tu, wenye ruhusa ya kuandika, na msimamizi anayegawa ruhusa hizo. Seva inayotunzwa vizuri iko pia na daftari lake: nani ameingia, saa gani, amebadilisha nini.

Sasa tuangalie Réserve ya Okapi. Iliundwa 1992, UNESCO ikaipokea 1996. Ndani yake kuchimba kunakatazwa. Mipaka inalindwa na ICCN, permi zinatolewa na CAMI: madaftari mawili, wenyeji wawili. Ugomvi wa mipaka ulipofika kwa waandishi wa habari, CAMI ilieleza kwamba ramani inayotumia ilitoka ku mafaili ya ICCN. Tunauliza tu: faili iliingizwa na nani, siku gani, nani alijulishwa? Jibu la maulizo hayo linapaswa kuwa ndani ya daftari la seva.

Wengine watasema mchimbaji hana masomo ya kufuata mambo hayo. Tunakataa. Mama muuza sombe akitumiwa feza kwa M-Pesa, aliyetuma anapata ujumbe, na mama naye anapata wake. Kama faranga elfu tano ziko na mashahidi wawili, hekta 85 zikose juu ya nini?

Code ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inatuambia tuwe na karte, tuingie koperative, tuchimbe ndani ya ZEA tu. Sawa. Lakini ZEA utaijuaje kama ramani iko ku intaneti, na huku kwetu rezo inakuja na kupotea?

Njo maana tunaomba mambo matatu. Kwanza, CAMI na ICCN watumie faili moja ya mipaka: mmoja aandike, wote wasome. Pili, kila mwezi ramani itolewe ku karatasi, na tarehe yake, ibandikwe Mambasa na ku makao ya kila chefferie. Tatu, carrés za kwetu zikiombwa, koperative na chifu wapate ujumbe mbele ya permi kutoka, na daftari la mabadiliko lifunguliwe kwa yeyote anayeguswa.

Na sisi tunatoa neno letu. Ramani hiyo ikionyesha kwamba shimo letu liko ndani ya Réserve, tutafunga virago. Lakini mwenye permi na mashini kubwa, kama mstari unamugusa, naye aondoke siku ile ile.