Kujitolea si Bure

Katika maneno yanayosifiwa mikutanoni hapana lipendwalo kuliko neno kujitolea. Mwenyekiti wa chama cha wachongaji wa mawe akisimama na kueleza kwamba yeye, katibu wake na mweka hazina wake hawapokei hata senti moja, wanachama hupiga makofi, mgeni wa heshima hutikisa kichwa kwa ridhaa, na mfadhili huandika katika daftari lake kwamba hiki ni chama safi. Makofi yakiisha kila mtu hurudi kwake. Mwenyekiti naye hurudi kwenye jiwe aliloliacha asubuhi, akalikuta vile vile, halijakatwa hata pembe moja. Insha hii inashindana na makofi hayo. Uongozi usiolipwa ni deni lisiloandikwa, na deni lisiloandikwa mara nyingi hulipwa na mtu asiyelikopa.

Haifai kusema juu ya wachongaji kana kwamba hali yao wote ni moja. Mchongaji wa mpingo aweza kuishi peke yake. Gogo lake hulipakia juu ya baiskeli, tezo na patasi zake humtosha, na kinyago kikikamilika hukifunga katika gazeti akaenda kukiuza. Mchongaji wa jiwe hana uhuru huo. Mfano wake ulio wazi uko Tabaka, katika nchi ya Wakisii huko Kenya, kunakotoka vitu vingi vya mawe vinavyouzwa katika maduka ya watalii ya Afrika Mashariki, ya Dar es Salaam yakiwamo. Jiwe lile laini, jeupe, la waridi au la kijivu, huchimbwa kwa mikono. Wanaume hulikata na kulichonga lingali na unyevu. Wanawake hulisugua kwa msasa na maji mpaka ling'ae. Shimo lina mwenyewe, gari la mizigo lina nauli yake, jiwe huvunjika njiani, na vumbi lake huingia kifuani mwa kila aliye karibu. Hapana mtu mmoja awezaye kuyakabili hayo yote. Katika nchi hiyo ametoka Elkana Ong'esa, ambaye ndege wake wa amani amewekwa katika makao ya UNESCO mjini Paris. Lakini nyuma ya kila jina lililofika Paris wako wengi wasiojulikana, ambao riziki yao hutegemea mtu wa kupanga nani atachimba, nani atachukua na nani atauza. Kwa mchongaji wa jiwe chama ni chombo cha kazi kama patasi ilivyo, na mwenye kukiongoza yuko kazini sawa na mwenye kuchonga.

Na ichukuliwe kwamba chama cha namna hiyo kina makao yake katika Wilaya ya Ilala. Kiongozi wake atakuwa na safari nyingi kuliko mchukuzi. Sanaa nchini Tanzania ina baraza lake, lililoundwa kwa Sheria Namba 23 ya mwaka 1984, ambalo kwa miaka mingi ofisi zake zilikuwa Ilala Sharif Shamba. Msanii anayetaka kutambuliwa hana budi kupita mlangoni mwake. Chama kikisajiliwa kwa Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, kina ada za kulipa na taarifa za kupeleka. Wanawake wa kusugua wakitaka mkopo wa halmashauri, katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu, hapana budi pawe na katiba, na akaunti ya benki, na mtu wa kuzifuata karatasi toka meza hata meza. Patasi, tupa na msasa hununuliwa Gerezani na Kariakoo, na bei yataka mtu wa kushindana nayo. Mnunuzi wa ng'ambo ataka jibu leo. Kila jambo katika haya hula asubuhi nzima, na asubuhi ndiyo saa ya mchongaji, kwa kuwa jua halijawa kali na mkono haujachoka. Kiongozi huyo hutoa siku mbili katika sita, kisha husifiwa kwamba hakuchukua kitu. Ni kweli kwamba hakuchukua kitu. Aliyechukuliwa ni yeye.

Watetezi wa bure hukimbilia kwanza kwa wazee wa zamani. Husema kwamba Waafrika walijenga, walilima na walivuna kwa ujima, wala hapakuwa na mtu aliyeuliza ujira. Wanaousifu ujima hivyo wameisahau hesabu yake. Katika ujima, leo watu walikwenda katika shamba la huyu na kesho katika shamba la yule. Mwenye shamba alipika, akawalisha na kuwanywesha waliokuja. Asiyekwenda kwa wenzake hakuendewa, na wote walijua ni nani aliyekaa nyumbani. Kila jembe lilihesabiwa, ijapokuwa hapakuwa na karatasi. Hata leo akina mama wa Kariakoo wanaocheza upatu wanamjua kijumbe wao vizuri: yeye hukusanya, hukumbusha na husuluhisha, na mara nyingi hupewa zamu ya kwanza au asante yake. Hapana anayemwita mroho. Desturi ya Waswahili ilikwisha kulisema jambo hili kwa maneno machache: mkono mtupu haulambwi. Anayetaka mwenyekiti atumike miaka kumi bila ya kurudishiwa hata siku moja asiwasingizie wazee. Wao hawakufanya hivyo.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo inastahili heshima. Husemwa kwamba uhuru wenyewe uliletwa na watu wa kujitolea. African Association iliasisiwa Dar es Salaam mwaka 1929, na TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 katika mtaa ambao leo unaitwa Lumumba, na waliotangulia hawakuwa na mshahara wa chama. Hayo ni kweli, na ndiyo yanayoibomoa hoja. Kleist Sykes, katibu wa African Association, alikuwa mtumishi wa reli. Julius Nyerere alipochaguliwa rais wa TANU alikuwa mwalimu wa shule ya Pugu. Chama kilipokuwa kichanga, kilinyonya mshahara wa reli na mshahara wa shule. Kazi ilipokua haikuwezekana tena kuwa na vyote viwili, na mwaka 1955 Nyerere aliacha ualimu. Tangu siku hiyo ilikuwa lazima watu wengine wachukue mzigo wa kuitunza nyumba yake, na walioubeba walijua kwamba wanaibeba kazi ya nchi. Historia hiyo haifundishi kwamba kiongozi hali. Hufundisha kwamba kila wakati palikuwa na mtu wa kumlisha, na kwamba saa ilifika ambapo jambo hilo lilitakiwa kukabiliwa wazi. Mchongaji wa mawe hana reli wala shule ya kumlipa mwisho wa mwezi. Anacho jiwe tu, na jiwe lisilochongwa halinunuliwi.

Hoja ya tatu imetoka katika sanaa yenyewe. Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1972 na baadaye ikawa na jengo lake upande wa Upanga, ilikuwa matunda ya juhudi ya Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll. Humo walifanya kazi wachongaji na wachoraji wengi. George Lilanga, ambaye jina lake lilivuka bahari kabla ya kifo chake mwaka 2005, aliingia hapo kwa kazi ya ulinzi kwanza. Basi husemwa: tazameni mtu asiyelipwa alivyoweza kuinua mafundi. Sifa ya sista huyo ni haki yake, wala insha hii haimpunguzii hata chembe. Lakini mtawa ana shirika. Shirika humpa chakula, dawa na mahali pa kuzeekea. Kujitolea kwake kulikuwa na mlipaji, naye alikuwa mbali, hakuonekana katika hesabu za wasanii. Kumchukua mtu wa namna hiyo kuwa kipimo cha baba wa watoto watano anayepanga chumba Buguruni ni kumpima samaki kwa kipimo cha ndege. Tena chama kinachozoea mlipaji wa mbali hakijifunzi kulipa chenyewe, na siku mlipaji akichoka au akifa, chama hugundua kwamba hakikuwa na uongozi, kilikuwa na mgeni.

Anayedhani kwamba sifa zatosha mahali pa ujira, na aende kwa miguu kutoka Kariakoo mpaka mtaa wa Samora. Jina la Kariakoo ni kumbukumbu ya kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ambao Waingereza walikiita Carrier Corps. Makumi ya maelfu ya wapagazi hao katika Afrika Mashariki walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu, na ujira wa wengi katika waliokufa haukuwafikia warithi wao. Mwaka 1927 sanamu ya shaba ya askari ilisimamishwa katikati ya mji, kazi ya mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson. Maandishi yake, kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, huwasifu wapagazi pamoja na askari. Mpagazi mwenyewe hayumo katika sanamu. Mji ukapewa maneno mazuri na jina la soko, na familia hazikupewa fedha. Punda afe, mzigo ufike: methali hii yaweza kuwa dhihaka au amri, kwa kadiri ya anayeisema. Inasikitisha kwamba katika wilaya hiyo hiyo bado wako watu wanaomsifu kiongozi wa mafundi kwa roho ile ile, wakadhani wamemtendea wema.

Madhara yake hayamwangukii kiongozi peke yake. Uongozi usipolipwa, wanaoweza kuuchukua ni wa aina mbili. Wa kwanza ni mwenye mali, ambaye huchonga kwa mikono ya vijana na kuongoza kwa nafasi aliyonayo. Wa pili ni mwenye njaa, ambaye hujilipa kwa mlango wa nyuma: mnunuzi akija humpeleka kwanza kwenye meza yake, bei ya jumla huijua yeye tu, na risiti ya msasa huandikwa mara mbili. Baina ya hao wawili fundi mwaminifu wa hali ya kati hushindwa kusimama, na mwanamke wa kusugua hata hafikiriwi, kwa sababu siku yake imekwisha kugawanywa baina ya jiwe na jiko. Ndivyo chama cha wote kinavyokuwa chama cha mtu mmoja, ambaye hachaguliwi tena ila huachiwa. Kila uchaguzi watu husema, nani mwingine atakubali? Swali hilo hutolewa kuwa sifa, kumbe ni ushahidi wa maradhi.

Wako watakaojibu kwamba fedha ikiingia, tamaa itaingia nayo. Tamaa ilikwisha kuingia; lililokosekana ni mwanga wa kuiona. Anayepokea posho iliyotajwa katika mkutano mkuu aweza kuulizwa amefanya nini kwa posho hiyo, na aweza kuondolewa asipofanya. Anayejitolea huulizwa kwa haya, na akikosea husamehewa kabla ya kusikilizwa, kwa kuwa itasemwa, maskini, yeye hata halipwi. Ujira mdogo uliokubaliwa humfunga mtu kuliko shukrani kubwa. Husemwa pia kwamba chama ni maskini na hakina cha kulipa. Chama kinalipa sasa hivi. Hulipa kwa gari lililokuja wakati mawe hayajachimbwa, kwa mnunuzi aliyekosa jibu akaenda kwingine, kwa mwenyekiti aliyechoka akaacha kuandika hesabu. Rahisi ghali, na bure ni ghali zaidi.

Dawa yake haihitaji mfadhili. Chama na kiweke daftari la siku za uongozi, na kila siku iliyotolewa iandikwe kwa jina, awe mwenyekiti au mama aliyekwenda halmashauri. Mkutano mkuu ukubaliane juu ya thamani ya siku moja, isizidi pato la fundi wa kawaida wala isiwe ya kudhihaki, na ukate sehemu inayojulikana katika kila mauzo ya pamoja ili kuilipa. Ikiwa fedha haipo, deni liandikwe, au wanachama walirudishe kwa kazi: kiongozi akienda mjini, wenzake wamkatie jiwe lake, kama ujima ulivyotaka. Mwenye kuongoza asishike funguo za ghala wala asiwe wa kwanza kumpokea mnunuzi. Zamu iwe na mwisho, ili daraka lisigeuke kuwa urithi. Na wanaosugua wawe wanachama kamili wenye kura, maana wao ndio wanaolitia jiwe nuru inayolifanya linunuliwe.

Baada ya hayo yote bado patakuwa na nafasi ya kujitolea. Mtu aweza kuijua thamani ya siku yake, akaona imeandikwa, kisha akaisamehe kwa hiari mbele ya wenzake. Hiyo ni sadaka, na hapo makofi yana mahali pake. Lakini haiwezekani mtu kusamehe deni ambalo hapana aliyekiri kwamba anadaiwa. Chama kitakachokuwa cha kwanza kufungua daftari hilo huenda kikachekwa kwa kuonekana cha wachumi wakavu. Na kichekwe. Mwisho wa mwaka kitakuwa na viongozi wanaochonga, na wachongaji wasioogopa kuongoza.