Mfanyabiashara wa Kibiti na VPN: siri anamficha nani?

Wiki hii safu hii inaziacha kidogo bei za ufuta na korosho ili kugusa bidhaa ambayo haipimwi kwa kilo, lakini imeanza kuuzwa kwenye vibanda vya simu vya Kibiti kama ilivyokuwa ikiuzwa vocha. Bidhaa hiyo ni siri. Kwa ada ndogo kijana wa kibanda hukuwekea VPN kwenye simu, na wateja wake si wanasiasa. Ni wanunuzi wa kaa, madalali wa ufuta, mawakala wa pesa na watu wa boti za Mafia.

Mmoja wao, mnunuzi anayekusanya kaa Nyamisati kutoka vijiji vya ndani ya delta, alinifuata akitaka ushauri. Mara tatu mfululizo aliwatumia wavuvi wake bei usiku kwa WhatsApp, na asubuhi akamkuta mshindani wake amekwishafika gatini na bei iliyozidi ya kwake kwa shilingi 500 kamili. Asiyeijua biashara ya kaa ataona 500 ni kitu kidogo. Lakini kaa akifa njiani hana bei, kwa hiyo mzigo lazima ujae na uondoke siku ile ile kwenda Dar es Salaam, na gari hukodiwa kwa bei ile ile hata likiondoka nusu. Bwana huyu anafanya biashara kwa fedha ya mkopo. "Dogo, wewe umesoma biashara," akaniambia, "nitafutie VPN iliyo nzito kuliko zote."

Kabla ya kumjibu, ndugu msomaji, tuitazame bidhaa yenyewe. Kwa kawaida simu hupitia mitambo ya kampuni ya simu hadi kwenye tovuti unayoitaka, na kampuni huona ulikokwenda. Ukiwasha VPN, mawasiliano yako hupita kwanza kama ndani ya bomba lililofungwa hadi kwenye seva ya mwenye VPN, ndipo yaende kwingine. Kampuni ya simu huliona bomba lakini haioni yaliyomo. Mwenye VPN ndiye sasa anayeona unakokwenda. Kwa lugha ya darasani kwetu, hatari haikufutwa, imehamishwa kutoka kampuni yenye leseni na ofisi unayoijua kwenda kwa mtu usiyejua hata nchi anayokaa.

Na mtu huyo, kama hakutozi, anakula nini? Mwaka 2013 kampuni ya Facebook ilinunua kampuni ya Israeli iitwayo Onavo, iliyokuwa na VPN ya bure iliyotangazwa kuwa ni kinga ya mtumiaji. Nyaraka zilizotolewa na kamati ya Bunge la Uingereza Desemba 2018 zilionyesha kwamba takwimu za Onavo ziliwawezesha wakubwa wa Facebook kujua watu wanatumia programu zipi za washindani na kwa kiasi gani. WhatsApp ilikuwa miongoni mwa programu hizo, na Februari 2014 Facebook ilitangaza kuinunua kwa dola bilioni 19. Agosti 2018 Onavo iliondolewa kwenye duka la Apple, na mwaka 2019 ikafungwa kabisa. Kwa maneno mengine, watu waliwasha kinga na kinga ikampelekea tajiri hesabu za soko. Mnunuzi wetu wa kaa, anayelalamika kwamba mshindani anajua bei yake, angepaswa kuisoma habari hii mara mbili.

Kwa upande mwingine wapo wanaouza kwa bei iliyo wazi. Mullvad ya Sweden hutoza euro 5 kwa mwezi na haitaki jina wala barua pepe, mteja hupewa namba tu. Aprili 2023 polisi wa Sweden walifika ofisini kwao na hati ya upekuzi wakaondoka mikono mitupu, kwa sababu taarifa za wateja walizozitaka hazikuwapo. Maoni yangu ni kwamba VPN ama uilipie, ama uache kabisa. Ya bure kwa simu yenye fedha za biashara ni hasara iliyocheleweshwa.

Hata hivyo lipo suala la sheria. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliwataka watu na kampuni wanaohitaji VPN kwa kazi zao kuisajili kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo, wakitaja na anwani zao za IP. Adhabu iliyotajwa ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Mtaji wa wengi wa Nyamisati hauifikii faini hiyo. Binafsi naona kusajili chombo cha usiri ni kama kufunga duka na kumwachia jirani ufunguo, lakini mwenye biashara halali hana budi kuiingiza hatari hii katika mahesabu yake.

Wengine husifu Tor, ambayo ni bure na hupitisha mawasiliano katika vituo vitatu ili pasiwe na kituo kimoja kinachojua yote. Ni chombo kizuri kwa anayehofia maisha yake. Kwa mtandao wa delta, ambako picha moja ya tenga la kaa huchukua dakika nzima kwenda, mnunuzi ataikimbia siku ya kwanza.

Kwenye ujumbe mambo ni nafuu. Tangu 2016 ujumbe wa WhatsApp hufungwa kwa fumbo kutoka simu hadi simu, ingawa kampuni bado inaweza kujua umewasiliana na nani na saa ngapi. Signal huhifadhi kidogo zaidi: ilipotakiwa na mahakama ya Marekani mwaka 2016 ilikuwa na mambo mawili tu ya kutoa, siku akaunti ilipofunguliwa na siku ilipotumika mara ya mwisho. Lakini wavuvi wote wako WhatsApp.

Yapo pia ambayo hakuna programu inayoyagusa. Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole, na waliochelewa walianza kufungiwa Januari 2020. Ukituma pesa, jina la mwenye namba hujitokeza. Mnara hujua simu iko upande gani, VPN ikiwa imewashwa au haijawashwa. Na intaneti ilipozimwa nchini siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, waliolipia na waliopakua ya bure walikaa gizani sawasawa. VPN iliwafaa walioitaka X ilipofungiwa Mei 2025, kwa kuwa pale mlango mmoja tu ndio ulikuwa umefungwa.

Sisemi kwamba Kibiti haina la kuficha. Mwandishi Azory Gwanda, aliyekuwa akiliandikia Mwananchi habari za mauaji ya huku, alitoweka hapa Novemba 21, 2017, hakurudi nyumbani. Watu wa hapa wamejifunza kusema kwa sauti ya chini, na anayewacheka kwa kuulizia VPN hajakaa nao.

Lakini mnunuzi wetu alikuwa akimficha mshindani, si serikali. Nikamwomba afungue WhatsApp, aende palipoandikwa vifaa vilivyounganishwa. Ilikuwapo kompyuta moja. Akakumbuka kwamba wiki kadhaa nyuma aliingia kwenye duka la kuchapisha karatasi, akaunganisha simu yake ili achapishe orodha ya mzigo, akaondoka bila kujitoa. Kila alichoandika tangu siku ile kilisomeka kwenye kioo kile. Nani alikuwa akisoma hatukuweza kujua, na sikumruhusu aende kugombana.

Aliiondoa pale pale na kuweka namba ya siri. Mzigo uliofuata alituma bei saa tatu usiku, na asubuhi matenga yake yalijaa kabla ya saa nne. Ile VPN ya bure ya kibandani bado imo kwenye simu yake. Nilimwambia aitoe, akacheka, akasema inampa mpira wa Jumamosi.