Kuzimua Mbegu Si Kutia Maji Maziwa

Neno beberu limezoeleka masikioni mwa wananchi kwa maana ya mnyonyaji. Lakini yuko beberu wa zizini ambaye, akitumiwa kwa maarifa, aweza kumwondolea mkulima mdogo unyonge. Katika vijiji vingi dume mmoja huachwa kundini miaka mingi hata akawapanda binti zake mwenyewe. Kizazi hudhoofika, maziwa hupungua, na lawama hutupiwa wachawi.

Dawa ya hali hiyo ni uhimilishaji. Nchini Tanzania kazi hiyo ina kituo chake cha taifa huko Usa River, Arusha, lakini imezoeleka zaidi kwa ng'ombe. Mbuzi, ambaye ndiye benki ya mnyonge, amebaki nyuma.

Kazi yenyewe haina uchawi. Beberu huletewa jike aliye katika joto, na mbegu zake hukingwa kwa uke wa bandia wenye maji ya moto ya kiasi cha nyuzi 40 hadi 45. Mbegu hizo ni kidogo, kama mililita moja tu, lakini mna mabilioni ya chembe hai ndani yake. Kwa kuwa dozi moja huhitaji chembe milioni 200 hivi, mbegu za mpando mmoja zikizimuliwa vyema huweza kutosha majike kumi au zaidi.

Hapo ndipo penye mtego. Katika kazi ya ng'ombe, kiini cha yai ni kizimuo cha kawaida. Majimaji ya mbegu za beberu yana kimeng'enya kinachokivunja kiini hicho na kukigeuza kuwa sumu ya kuziua chembe. Kwa hiyo hapana budi mbegu zioshwe kwanza kwa mashine ya kuzungusha, au kiini kipunguzwe sana, au yatumike maziwa yaliyoondolewa mafuta na kupashwa moto kwa kipimo. Kizimuo nacho sharti kiwe na joto sawa na la mbegu, kisha vipoozwe pole pole hadi nyuzi 5 hivi. Baridi ya ghafla huua.

Mtumishi anayekadiria kwa macho mambo ya kupimwa kwa kipimajoto na hadubini anamhujumu mkulima. Baada ya siku 21 jike hurudi kwenye joto, na mwenye mbuzi huapa kutomwamini tena bwana mifugo. Imani iliyopotea hivyo hairudishwi kwa hotuba.

Ni wajibu wa maofisa mifugo kupewa vifaa, na wakishapewa, wavitumie bila uzembe. Walimu wa shule zenye mabanda ya mbuzi wawafundishe wanafunzi kutambua dalili za joto, kuandika siku ya kupandishwa na kuhesabu siku 150 za mimba. Mtoto anayejua kutunza daftari la zizi atamsaidia mzazi wake kuachana na dume aliyezeeka kundini. Maarifa yapo, yanasubiri watumishi waaminifu kuyafikisha vijijini.