BASTOLA SI SINEMA



Leo tunasema juu ya mkono unaotoa bastola katika ala yake. Wengine watacheka. Watasema: hilo ni neno la polisi na walinzi, sisi watu wa shimo na wa soko linatuhusu nini? Tunajibu: linatuhusu sana. Nani anasimama mbele ya mlinzi langoni siku ya mshahara? Ni sisi. Nani anapita sokoni karibu na polisi, mtoto mgongoni? Ni wake zetu. Risasi iliyopotea haiulizi mtu jina lake.

Tulimwona kwa macho yetu mlinzi mmoja, kijana tu, akichezea bastola mbele ya wenzake. Anatoa, anarudisha, anatoa tena, kidole kiko ndani. Tulimwuliza: nani amekufundisha? Akajibu: hakuna mtu, walinipa mkanda tu. Ndugu, ndiyo hiyo tunayoikataa!

Wengi walifundishwa na sinema. Katika miaka ya 1950, pale Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, vijana walitazama filamu za kauboi wakajiita Bills, kwa jina la Buffalo Bill. Waliona kwamba mwanaume ni yule anayetoa bastola mbele ya mwenzake. Lakini sinema haikuwaambia habari yote. Wild Bill Hickok, mkuu wa polisi wa mji wa Abilene, Kansas, alisifiwa sana kwa wepesi wa mkono. Usiku wa 5 Oktoba 1871 alimpiga risasi adui yake, Phil Coe. Palepale mtu mwingine akaja mbio, bastola mkononi. Hickok akageuka, akapiga. Aliyekufa ni Mike Williams, rafiki yake mwenyewe, aliyekuja kumsaidia! Na Wyatt Earp, Januari 1876 katika mji wa Wichita, alikuwa amekaa kitini. Bastola ikaanguka toka katika ala, ikalia yenyewe, ikatoboa koti lake. Hao ndio mashujaa wa sinema.

Wamarekani wenyewe walikuja kufunguka macho. Mwisho wa miaka ya 1950, katika mashindano ya Big Bear, California, wengi walipiga toka kiunoni, kwa mkono mmoja, kwa haraka. Jack Weaver, naibu sherifu wa kaunti ya Los Angeles, alishika bastola kwa mikono miwili, akaileta mbele ya macho, akawashinda. Jeff Cooper aliliona jambo hilo, na katika 1976 akafungua shule yake Arizona, akafundisha kila tendo kwa hatua yake.

Hatua zenyewe si uchawi. Kwanza, mkono ushike bastola sawasawa ingali katika ala, kidole kimenyooka nje ya kifyatulio, mkono wa pili juu ya kifua. Pili, iinuliwe juu wima mpaka mdomo wake utoke katika ngozi. Tatu, mdomo ugeuzwe mbele, bastola ingali karibu na mbavu. Nne, mikono ikutane mbele ya kifua, wala mkono wa pili usipite kamwe mbele ya mdomo. Tano, isukumwe mbele mpaka macho yaone shabaha. Kidole kinaingia pale tu mtu amekwisha kuamua kupiga. Kurudisha ni polepole: kidole nje, macho yatazame ala, maana hata pindo la shati linaweza kuvuta kifyatulio.

Mwalimu wa kweli anaanza bila risasi. Anakagua bastola, mwanafunzi anakagua, risasi zote zinabaki chumba kingine. Halafu wanafanya polepole, mara kumi, mara mia, siku nyingi. Haraka haitokani na kukaza nguvu. Inakuja yenyewe pale mkono unapoacha safari zisizo na kazi. Mwenda pole hajikwai.

Sisi watu wa shimo tunalijua jambo hili. Je, kapita anaweza kumpa baruti mtu aliyeingia kazini jana, akamwambia, utajifunza mbele ya safari? Hawezi! Mlipua baruti anafundishwa, anajaribiwa, ndipo anaaminiwa. Kwa nini basi chuma kinachoua kifungwe kiunoni mwa mtu ambaye hakujaribiwa?

Wakubwa watasema: kufundisha ni gharama. Tunawauliza: na sanduku la maiti ni bei gani? Watasema: kijana huyu ni hodari. Hickok naye alikuwa hodari.

Basi tunataka mambo matatu. Mtu asifungwe bastola kabla hajaitoa na kuirudisha mbele ya mwalimu bila kosa. Afundishwe kwa lugha anayoisikia, si kwa Kifaransa cha karatasi. Tena asiachwe baada ya mwezi mmoja, maana mkono unasahau. Aitwe tena na tena. Na wewe mlinzi, ndugu yetu, usione haya kusema: sijui, nifundisheni. Watoto wanaopita langoni ni wako pia.

Anayevaa bastola kati ya watu, watu wana haki ya kumwuliza: umejifunza wapi? Tuulize wote, tuulize kwa sauti!