Programu Isijibadilishe Bila Ruhusa Yangu

Kwa wale mliotumia Microsoft Office 2000, mnaikumbuka ile menyu iliyokuwa ikijifupisha? Amri usizozitumia mara kwa mara zilifichwa, na chini ukabaki na vishale viwili vya kubofya ili uone zingine. Nia ilikuwa nzuri: mgeni wa kompyuta asitishwe na orodha ndefu. Lakini Office 2007 ilipoleta ule utepe uitwao Ribbon, menyu hizo hazikuwamo tena katika Word na Excel, na mimi sikuzililia.

Sababu ni hii. Anayeanza kompyuta hukumbuka mahali. Funua daftari la mwanafunzi wa vyuo vyetu vya mitaani, utakuta ameandika "bonyeza ya tatu kutoka juu". Programu ikijipanga upya kwa kumkisia, daftari hilo halina kazi tena. Mzoefu atatafuta mpaka aipate. Mgeni atadhani ameharibu mashine. Yaani dawa iliyotengenezewa mgeni ndiyo inayomuumiza.

Je, basi tuwape wote sura moja? La hasha. Maoni yangu: weka njia zaidi ya moja, kila moja ibaki palepale, na mtumiaji achague mwenyewe. Kikokotoo cha Windows kina hali ya kawaida na ya kisayansi, unahamia ukitaka. Menyu nyingi huandika Ctrl+S kando ya amri ya kuhifadhi, kwa hiyo anayeanza anabofya tu, na siku akiwa tayari anaiona njia ya mkato. M-Pesa ilianza 2007 kwa menyu ya laini ya simu. Leo unaifikia pia kwa *334# na kwa programu ya simu janja. Huduma moja, milango kadhaa.

Kama unadhani hili ni jambo dogo, ingia saiba mwezi wa Juni, watu wakijaza ritani za kodi. Utawaona watu wazima, wasomi, wakimpa mhudumu nywila zao awajazie. Mtu anakabidhi siri zake kwa asiyemjua kwa sababu sisi tulijenga mlango mmoja, wa wazoefu.

Siku hizi kila programu inataka kujipanga yenyewe kwa akili unde. Sawa. Mwenzangu mwanaprogramu, ipendekeze, usilazimishe, na uweke kitufe cha kurudisha mambo yalivyokuwa, mahali ambapo hata mgeni atakiona.