Mashine ya Boti: Nungwi Ijifunze kwa Indianapolis

Mwenye chombo wa Nungwi anapokwenda mjini kununua mashine ya boti, kwanza huuliza kama vipuri vyake vinapatikana. Bei huja baadaye. Ndiyo sababu Yamaha imeshika soko la pwani yetu kwa muda mrefu. Fundi yeyote anaijua, na mashine zake ndogo zinazochanganywa petroli na oili hutengenezeka hata chini ya mwembe.

Wako wanaolalamika kwamba jina moja likitawala soko, mnunuzi huumia, na kwamba dawa ni kuleta majina mengi zaidi. Mwandishi wa safu hii hakubaliani nao kikamilifu, na mfano wake ni mashindano ya magari ya IndyCar nchini Marekani, ambayo mbio zake kubwa ni Indianapolis 500.

Toyota na Chevrolet walijitoa katika mashindano hayo mwishoni mwa 2005. Honda, ambaye pia hutengeneza mashine za boti, alibaki mtengenezaji pekee wa injini kuanzia 2006 hadi 2011. Mwaka 2012 Chevrolet alirudi na Lotus akaingia, lakini Lotus aliondoka baada ya msimu mmoja tu. Tangu hapo soko ni la wawili. Hata hivyo, katika miaka ile ya mtengenezaji mmoja mbio hazikusimama na timu hazikukosa injini.

Siri iko katika mkataba. Timu hainunui injini, huikodi. Injini hubaki mali ya mtengenezaji, hufungwa kwa lakiri, na ikitimiza maili zilizowekwa hurudishwa kwake kufanyiwa matengenezo. Mafundi wake husafiri na timu. Kwa maneno mengine, injini ikiharibika, hasara si ya mwenye gari peke yake.

Nungwi mambo ni kinyume. Mashine ikishauzwa, muuzaji amemaliza kazi. Ikizima katikati ya Julai na Agosti, wakati wageni ni wengi, mwenye boti hukosa safari za Mnemba, nahodha na mabaharia hukosa mgao, na deni la tajiri halingojei kipuri kifike. Jina kubwa nalo si dhamana: Evinrude, jina lililoanza kuuza mashine za boti mwaka 1909, lilisimamishwa uzalishaji na kampuni ya BRP ya Canada mwezi Mei 2020.

Atatokea wa kusema kwamba mashine yenye lakiri itawanyima kazi mafundi wetu. Hoja hiyo ni ya kweli, na hatuhitaji lakiri. Tunachohitaji ni kugawana hasara. Wenye vyombo kumi wakinunua pamoja, wanaweza kumwekea muuzaji masharti matatu: akiba ya vipuri vinavyochakaa haraka iwekwe Nungwi kwenyewe, fundi wa kijiji afundishwe kufanya matengenezo ya kila saa 100 za kazi, na mashine ya akiba iazimwe pale matengenezo yanapozidi siku chache. Gharama yake itaongezwa kwenye bei, bila shaka. Lakini gharama inayojulikana mapema huingia katika hesabu, na hasara ya ghafla huuza boti.

Aidha, mikopo inayotolewa kwa jina la uchumi wa buluu ingefaa kufuata njia hiyo hiyo. Kumkopesha mvuvi mashine bila mkataba wa matengenezo ni kumkopesha nusu ya mtaji. Kabla ya kulipa, basi, wenye vyombo wasiulize tu punguzo ni kiasi gani. Waulize pia: ikizima, nani atakuja, na baada ya siku ngapi?